Mwezi Wenye Uzi

Niliinunua Ruwi kwa baisa mia nane,
duka la Mmalabari likifungwa, kanda zimerundikwa ndooni
kama dagaa waliododa.
Jalada limebabuka, jina la aliyeitengeneza halisomeki.
"Hii ya nini?"
"Mapenzi na majini. Haendi mtu nayo.
Mwaka mzima kaikodi mmoja tu, na kairudisha siku ile ile."

Mtu huyo namtafuta hadi leo.

Kisa chenyewe: tarishi wa mji wa vilima
anampenda mwanamke anayeonekana
barua inaposomwa tu. Ukifika "wasalaam", hayupo,
kiti kimebaki na joto lake.
Basi tarishi anajifunza kusoma polepole,
kama mtoto wa chuoni na kijiti chake juu ya alifu,
naye bibi anakaa, anamenya chungwa,
anauliza habari za mvua.
Hakuna zaidi. Saa moja na dakika hamsini, hakuna zaidi.

Sisemi haina ila.
Mwezi wake umetundikwa kwa uzi, na uzi unaonekana.
Dakika ya arobaini na moja mkono wa fundi unapita, unanyoosha ukungu.
Wahenga walisema, ukipenda, chongo huita kengeza;
mimi uzi ule nimeuita mshipa wa mwezi,
na Khalfan akacheka hadi kahawa ikamtoka puani:
"Mtu mzima, Mundhir! Na ndevu zako!"

Na maandishi ya Kiarabu chini ya picha:
aliyeyaandika aliweka kafu penye qafu,
tarishi akapiga magoti, machozi yakamlenga,
akatamka, "Chukua mbwa wangu, ni wako."
Thuwaiba, aliyekuwa akisinzia kila siku kabla ya daraja,
usiku ule alizinduka. Alicheka akashika mbavu.
Tangu hapo, nikitoka kwenda kupandisha viyoyozi
juu ya mapaa ya watu, Agosti, chuma kinaunguza viganja,
ananiambia mlangoni, mbele ya mama yake:
"Nenda salama. Mbwa wangu unaye."
Mama mtu alisoma istighfari miaka kumi na miwili.

Kisha mashine ikaila.
Niliiacha dirishani Wadi Kabir, joto la arobaini na saba,
utepe ukalegea kama tambi;
nikaukata, nikaugundisha, mwisho ukapotea.
Tarishi ameshika ukurasa wa mwisho, midomo inafunguka,
halafu chenga, chenga tupu.
Watoto wakiuliza, niliwasimulia mwisho,
kila Ramadhani mwisho mwingine:
mara alimeza barua, mara alijifanya kipofu.
Mdogo alipendelea wa kumeza.

Mwaka jana mjukuu, Azzan, akaipata nzima ndani ya simu.
Tukakaa wote. Nilivaa kanzu safi, msiniulize kwa nini.
Kilichokuwa kimepotea ni sekunde nne.
Anaikunja barua. Anaitia ndani ya kofia. Basi.
"Ndiyo hii tu?" akasema Thuwaiba, macho makavu, kwa mara ya kwanza macho.
Azzan akanitazama kama anayesubiri kuomba radhi.
"Irudishe nyuma," nikamwambia. "Ulipita haraka."

Leo amelazwa hospitali, goti tu,
wamelifungua, wamelifunga, anagombana na manesi kwa lugha tatu.
Mimi niko maegeshoni, sijazima gari,
simu imetetema mfukoni.
Miwani nimeisahau nyumbani, lakini si hiyo sababu.
Naweka kidole chini ya neno la kwanza.
*Daktari.* Namwona anavyojikuna chini ya bendeji.
*Kasema.* Anavuta shuka.
*Jumapili. Lete.*
Nyuma yangu mtu anapiga honi, anataka nafasi.
*Lete khanga ya buluu.*
Honi tena.
*Na*